Maneno ya Kuulizia Njia

Kila Desemba barabara ya kupanda Kibosho hujaa magari ya watoto wa mlimani wanaorudi kwao kula Krismasi. Mwaka jana dada yangu Witness alikuja na binti yake Anna, ambaye alikuwa amepata nafasi ya kwenda Italia kusomea uuguzi. Tuliketi jikoni kwangu, maana sebuleni kulikuwa na watoto na televisheni. Mke wangu alikuwa amepika kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, na Witness alisimama mlangoni akimenya ndizi nyingine za mtori wa jioni, kisu kikienda bila yeye kukitazama. Anna aliweka simu yake katikati ya sahani. "Mjomba," akasema, "Mama anasema wewe ndiye Mwitaliano wa ukoo. Nifundishe maneno ya kuulizia njia." Mke wangu alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Muulize kwanza kama anaijua njia ya dukani isiyopita kilabuni." Anna naye akacheka, akabonyeza simu, na sauti ya mwanamke ikauliza kwa Kiitaliano safi stesheni iko wapi. Dov'è la stazione? Imepita zaidi ya miaka thelathini tangu niyatamke maneno hayo kwa haja, lakini niligeuka palepale, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na marehemu.

Mimi ni seremala. Niliacha shule nikiwa kidato cha kwanza, wiki ileile tuliyomzika baba kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, karibu na mama, na kuhusu hayo sina la kuongeza. Mwaka ninaoukumbuka ulikuja baadaye, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na Witness minane. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu lakini tulitumia kimoja, kwa sababu Witness hakuweza kulala kitandani kama watu wengine. Alilala ameketi, mgongo wake umeegemea wangu, nami niliketi hivyo hivyo mpaka alfajiri nikihesabu pumzi zake bila kutaka. Kutoka mlangoni hadi bombani alikuwa akipumzika mara nne. Daktari mmoja wa mjini, aliposikia kazi yangu, alinieleza kwa namna ambayo sikuweza kuisahau: moyo una milango, mlango mmoja wa moyo wa mtoto huyu haufungi vizuri, na damu inarudi ilikotoka. "Fundi," akasema, "mlango huu haurandwi hapa kwetu. Mwaka huu unaweza kumtosha. Wa mwakani siuahidi."

Wakati huo nilikuwa nikitengeneza madawati katika nyumba ya masista, na aliyesimamia chumba cha kufulia na kupiga pasi pale alikuwa Sista Agnese, mama mzee wa Kiitaliano aliyekaa mlimani muda mrefu hadi Kiswahili chake kikawa na lafudhi ya Kichagga. Yeye ndiye aliyeandika barua kwao, na jibu lilipokuja alinisomea akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya pasi ya mkaa. Hospitali moja ya kaskazini ingempokea Witness mwezi wa Januari. Kulikuwa na nafasi mbili kwenye ndege, ya mtoto na ya mlezi mmoja. Nyonga za Sista hazikumruhusu kusafiri. Mtu angetupokea Roma na kutupandisha treni, lakini Bologna tungebadilisha treni wenyewe, na hospitalini hakukuwa na mtu hata mmoja wa kututafsiria. "Atakayekwenda na mtoto lazima aweze kuuliza," alisema. "Sisemi kuongea. Kuuliza."

Barua ya mlezi ilipaswa kutiwa sahihi na Baba Mkubwa, kaka wa baba. Siku mbili baada ya habari hizo kufika nilikuwa nyuma ya nyumba yake nikipigilia mbao za banda la ng'ombe, na nilipotulia kutafuta msumari nikasikia mazungumzo yao ndani. "Prosper wangu amemaliza kidato cha nne, ana Kiingereza," alisema Mama Mkubwa. "Huyo Severini atazungumza na nani huko? Atawasalimia njiwa." Nilitaka kucheka. Kisha Baba Mkubwa akasema taratibu, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: "Severini ni kijana mzuri. Lakini mgonjwa tulimwachia yeye mara ya kwanza, na unaona alipofika." Nikapiga nyundo kwa nguvu ili nisisikie mengine.

Alisema hivyo bila kujua lolote. Nilijua mimi peke yangu. Miaka miwili kabla ya hapo Witness alivimba magoti na kupata homa, nikampeleka hospitali. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimevaa koti la baba ili nionekane mtu. Daktari alikuwa mzee mwenye miwani, amechoka, foleni ikisukuma mlango. Aliongea akiandika, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Nilielewa sindano. Nilielewa mwezi. Katikati ya hayo alisema mengi ambayo sikuyashika. "Umeelewa, kijana?" Nikasema ndiyo, daktari. Akasema tena jambo, nikasema ndiyo. Mara ya tatu nilimwongezea na shikamoo, ingawa nilikuwa nimekwisha kumpa wakati wa kuingia. Kwetu mtu mzima akikuuliza kama umeelewa, huwa hakuulizi swali. Anakupa ruhusa ya kuondoka. Ukimwambia hujaelewa ni kama unamwambia amesema vibaya. Tukaenda kwa sindano mwezi wa kwanza, tukaenda wa pili. Mwezi wa tatu nilimkuta Witness uani akiruka kamba, magoti yamenyooka, anahesabu kwa sauti. Nikamwambia, "Umepona, hatuendi tena." Naye akaendelea kuruka.

Basi tukaanza masomo, msimu wa kuchuma kahawa, kila jioni baada ya kazi, katika chumba cha pasi. Bado nakisikia chumba kile puani: mkaa, wanga, shuka za altare zilizonyunyiziwa maji. Nilikuwa nikiingia na kusema, "Tumsifu Yesu Kristo," naye Sista anajibu, "Milele amina, kaa," kisha Kiswahili kinakwisha. Scusi, samahani. Dov'è, iko wapi. A che ora parte il treno, treni inaondoka saa ngapi. Da quale binario, kutoka jukwaa lipi. È lontano, ni mbali? Nilikuwa nikiyaandika kwenye vipande vya mbao laini kwa penseli ya useremala, kisha nayaranda yaliyokaa kichwani. Mwanzoni nilimkasirisha kwa salamu. Nilikuwa nikimsimamisha yule mpita njia wa kuigiza, nikimwuliza habari za asubuhi, habari za nyumbani, ndipo nifikie swali langu. "Severini," alisema, "wewe unamwuliza Mwitaliano hali ya mifugo yake, na treni imeondoka." Hilo nililiacha baada ya wiki moja. Jambo lililobaki lilikuwa gumu zaidi.

Maana alikuwa na namna yake ya kufundisha. Nikishauliza swali alinipa mgongo, akaendelea kupiga pasi, na kunijibu kwa kasi, kama mfereji wa shambani uliofunguliwa. Hakupunguza kasi hata kidogo. Na kila alipomaliza, nilisema, "Sì, sì, grazie." Ndiyo, ndiyo, asante. Alinifundisha jinsi ya kusema sijaelewa, non ho capito. Alinifundisha più piano, polepole zaidi, na può scriverlo, unaweza kuliandika? Niliyajua kama ninavyolijua jina langu. Lakini akishaanza kujibu, mtu mzima, mwenye mvi, mtumishi wa Mungu, kinywa changu kilitoa ndiyo chenyewe. Jioni moja aliigonga meza kwa pasi hadi majivu yakaruka juu ya shuka nyeupe. "Sì nini?" akafoka. "Nimekuambia nini? Nimekuambia kwamba daraja limevunjika na mtoto wako atakufa! Nawe unaniambia ndiyo, asante!" Kisha nikamweleza habari za sindano, zote, mpaka kamba ya kuruka. Sikuwahi kumwambia mtu. Hakunipa pole. Alifagia majivu kwa kiganja, akaitazama alama nyeusi iliyobaki kwenye shuka, akasema, "Basi unajua tayari kwa nini. Uliza tena, kuanzia mwanzo."

Prosper naye alikuwa amepata orodha ya maneno yale. Tukikutana njiani aliinua kofia na kuita, "Buongiorno, fundi! Umeshajua kuomba chumvi?" Wenzake walicheka, nami nilicheka pamoja nao kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya. Kiitaliano chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Jumapili moja ya Novemba, baada ya misa, Sista Agnese alituita sote chumba cha pasi ili ijulikane nani atakwenda: Baba Mkubwa kwenye kiti, Prosper amevaa tai, mimi, na Witness ameketi juu ya kikapu cha nguo, midomo yake ikiwa na rangi ya zabibu. "Mimi ni mtu wa stesheni," alisema Sista. "Nina haraka na leo sina hamu na mtu." Akatupa mgongo.

Prosper alianza. "Scusi, signora, da quale binario parte il treno?" Alilisema vizuri sana. Sista akamwaga jibu lake. Prosper aliitikia kwa kichwa kama mtu anayefuata kila neno, akainama kidogo. "Sì, sì. Grazie mille." Baba Mkubwa akapiga makofi mawili. "Haya, nenda," Sista alimwambia kwa Kiswahili, bila kugeuka. "Niende wapi, Sista?" "Kwenye treni. Si nimekuambia jukwaa?" Prosper akamtazama baba yake.

Kisha mimi. Nikauliza swali lilelile, nikapata mfereji uleule. Nilihisi ndiyo ikipanda kooni. "Non ho capito," nikasema. Baba Mkubwa akasonya. Sista alirudia kwa kasi ileile. "Non ho capito. Più piano, per favore." Akashusha pumzi kama mtu aliyetukanwa, akarudia kwa ukali zaidi, na masikio yangu yaliwaka moto, maana nilikuwa namsumbua mzee mbele ya mzee mwingine. "Non ho capito. Può scriverlo?" Akachukua chaki ya kushonea, akaandika nne kubwa kwenye kitambaa cheusi. "Sista, huyu hajui kitu!" Baba Mkubwa alisimama. "Mara tatu hajaelewa, mbele za watu!" "Ni kweli," alisema Sista Agnese. "Na sasa yuko jukwaa la nne. Mwanao bado yuko hapa na mimi." Baba Mkubwa alitia sahihi barua ile palepale juu ya meza ya pasi. Akinipita mlangoni alinong'ona, "Ukimrudisha kwenye sanduku, usipite kwangu." Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Alikuwa akisema kwa sauti jambo nililojiambia kila alfajiri.

Ningependa kuandika kwamba tangu siku ile nilipona ugonjwa wangu. Bologna tulikuwa na dakika kumi na nane. Baridi ilikuwa ya aina ambayo hata juu kabisa msituni sikuwahi kuionja, na Witness, aliyekuwa ametembea vizuri uwanja wa ndege, hakuweza kupanda ngazi. Nilimbeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, miguu yake mirefu ikining'inia, begi mkononi, na watu wakatupisha huku wakitutazama. Nikamwona mzee wa reli mwenye kofia na mvi kama za Baba Mkubwa. Niliuliza bila kosa. Alinijibu kwa upole, kwa maneno mengi, mkono ukionyesha chini, kisha kushoto, kisha tena chini. Mwishoni akaniuliza, "Ha capito?" Umeelewa? Nami nikasema, "Sì, signore. Grazie." Alikuwa mwema mno. Nikashuka ngazi, nikafuata njia ya chini ya ardhi, nikapanda ngazi nyingine, nikatokea kwenye jukwaa tupu lenye karatasi zinazopeperushwa na upepo. Moyo wa Witness ulikuwa ukinigonga mgongoni, ukisita, ukigonga tena. Mkono wake shingoni mwangu ulikuwa wa baridi kama bomba. "Kaka," aliniuliza sikioni, "tunakwenda wapi?" "Kwenye treni." "Ipi?"

Nilisimama pale. Saa kubwa iliyoning'inia juu ilionyesha kwamba dakika tisa zimebaki. Niligeuka, nikarudi njia yote kwa kukimbia kadiri mtu aliyebeba mtoto mgonjwa anavyoweza kukimbia, nikimwomba Mungu yule mzee asiwe ameondoka, na nusu yangu nikiomba awe ameondoka, ili nisimtazame usoni. Alikuwepo, akimhudumia mama mmoja mwenye masanduku. Niliingia katikati yao. Kwetu ningechapwa kwa jambo hilo. "Non ho capito," nikamwambia. Aliniangalia kwa mshangao, akarudia. "Non ho capito." Mama mwenye masanduku akasema kitu, na watu wa nyuma yake wakasema kitu. "Non ho capito, signore. Può scriverlo?" Akatoa kalamu mfukoni. Kisha akaiona midomo ya Witness juu ya bega langu, akairudisha kalamu, akaninyang'anya begi na kutangulia mbele akipiga filimbi watu watupishe. Mlango wa treni ulifungwa nyuma yetu nikiwa bado na kisigino hewani.

Operesheni yenyewe sina la kuielezea. Nilikaa kwenye benchi la mbao nzuri sana, nikachunguza viungo vyake vyote, na walipotoka walikuwa wakitabasamu. Ninachokikumbuka ni siku ya kuruhusiwa. Daktari mkubwa alituita ofisini kwake, akaongea juu ya vidonge na sindano, akauliza kama yote yameeleweka. Nilisema hapana mara tano. Mara ya tano alivuta kiti, akaketi magoti yake karibu na yangu, na muuguzi akachora jua, mwezi, na kalenda yenye duara kila baada ya siku ishirini na nane. Kila mwezi sindano, ili homa ile ya magoti isirudi kuushika moyo, miaka mingi, mpaka awe mtu mzima, hata asipokuwa na dalili yoyote. Ndipo nilipoelewa, kwa lugha ya wageni na kwa penseli, maneno niliyoambiwa kwa nusu Kiswahili miaka miwili nyuma, kilomita chache kutoka nyumbani. Nilikwenda chooni nikakaa huko muda mrefu, maji ya bomba yakiwa wazi. Tuliporudi nilipita kwa Baba Mkubwa kabla ya kufika kwetu. Witness alitangulia mbele yangu kwa miguu yake, akamwambia shikamoo, na mzee akamshika kichwa kwa mikono miwili bila kuitikia. Sindano hatukukosa hata moja baada ya hapo. Lakini sababu ya kuugua kwake sikumwambia. Aliyeijua alikuwa Sista Agnese peke yake, naye tulimzika kwenye makaburi ya masista, katika jeneza nililolitengeneza mimi mwenyewe.

"Mjomba, umelala?" Anna alikuwa akinisubiri. Nikainuka, nikachukua kisu na ndizi mikononi mwa Witness, nikampa Anna mgongo. "Niulize treni ya Bologna," nikasema. Aliuliza vizuri, kama simu yake. Nikamjibu kwa kasi yote niliyobaki nayo, nusu ikiwa maneno ya kweli. "Sì, grazie, Mjomba!" Niligonga meza kwa mpini wa kisu mpaka watoto wakachungulia kutoka sebuleni. "Sì nini?" "Jamani Mjomba, mbona mkali?" "Mengine yote yamo kwenye simu," nikamwambia. "Kusema kwamba hujaelewa, hilo utalisema kwa mdomo wako. Kwa daktari, kwa mwalimu, kwa Papa mwenyewe akikuuliza." Akaniuliza kwa nini nakazania hilo moja. Nikaanza kumweleza habari za stesheni, maana hizo zinachekesha.

"Mwambie ya sindano," alisema Witness.

Mke wangu aliacha kukoroga. Nikageuka. Dada yangu alikuwa bado ameegemea mlango, mikono mitupu, utomvu wa ndizi vidoleni. "Nilikuwa na miaka sita, Kaka, sikuwa kiziwi. Yule daktari mwenye miwani, wewe ulipokuwa unakunja karatasi uiweke kwenye koti la baba, aliinama akaniambia mimi. Akasema nitakwenda kwake kila mwezi, hata siku ambayo nitakuwa naruka kamba. Nilielewa vizuri kabisa. Halafu ukaniambia nimepona." Alitazama sakafu. "Nikanyamaza. Sindano ilikuwa inauma."

Miaka yote ile, migongo yetu imeegemeana, kila mmoja akilinda kimya chake. Nilitafuta la kumwambia kwa Kiswahili nikalikosa, na kwa Kichagga nikalikosa.

"Non ho capito," nikamwambia, nikiketi tena kitini. "Più piano."

Witness alifuta vidole kwenye khanga yake, akavuta kigoda, akaketi magoti yake karibu na yangu. Kisha akarudia, polepole.